Upande wa Pili Haujajibu

Kambini,
4 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba umeshaacha ule ubishi wako wa kupanda juu ya paa kupigilia mabati mwenyewe. Kama hujaacha, basi angalau mwite rafiki yako kinyozi akushikie ngazi.

Usiniulize niko wapi. Hapa kuna afisa ambaye kazi yake ni kusoma barua zetu na kufuta majina ya mahali kwa wino mweusi, na jinsi anavyoipenda kazi hiyo naona bora nimpunguzie. Nitakwambia tu kwamba kuna kambi, kuna mto, na ng'ambo ya mto kuna zahanati ya mahema. Majeruhi hufikia pale kwanza, halafu huletwa huku kambini kwa daktari wa upasuaji. Redio tumekatazwa, kwa sababu adui anatusikiliza. Kwa hiyo kuna waya mmoja tu kati ya zahanati na kambi, na waya huo ndio mimi. Ukiwa mzima, wale wa ng'ambo wanapiga simu na gari linatoka. Ukikatika, mtu anakimbia kwa miguu, na kuna majeruhi wasio na muda wa kumngoja mtu anayekimbia.

Na unakatika, baba. Tumeulaza chini ya mto mara tatu. Mara zote tatu mvua imenyesha, maji yakaingia kwenye viungo, na nilipoweka simu sikioni nikasikia mlio wa kitu kinachokaangwa. Cheti changu cha uhandisi kina muhuri mkubwa na sahihi nne lakini hakijui kuzuia maji. Haya, cheka, umalize. Halafu uniambie enzi zenu mlifanyaje, maana nyinyi mlikuwa na mvua hii hii na hamkuwa na vifaa.

Nina rafiki mmoja hapa, koplo anayekaa kwenye ubao wa simu, pale simu zinapopokelewa na kuunganishwa. Tunamwita Kasuku. Opereta hufundishwa kurudia ujumbe neno kwa neno, lakini huyu anarudia hata akiambiwa chai iko tayari. Nimemfundisha ile yetu. Nikiwa kwenye kiungo nazungusha mpini wa simu ili ilie kwake, nasema "Hodi," naye anasema "Karibu." Mwanzoni alinicheka. Sasa anajua kwamba asiposema "karibu" mimi sibanduki pale, hata jua linichome vipi.

Nimemsimulia pia ile siku ya kiti, akacheka mpaka akadondosha kofia. Unaikumbuka? Nilikuwa na miaka tisa, ukaniacha nyumbani nishike simu mpaka upige kutoka juu ya nguzo, na laini ikakatika huko ulikokuwa. Nikakaa na simu sikioni kuanzia saa saba mchana mpaka mama aliporudi kutoka kazini saa kumi na mbili, nawe ukaingia nyuma yake. Haja ndogo ilinibana, nikaona bora niharibu kiti kuliko kuiacha simu, maana je, ukipiga nikiwa sipo? Ulirudi umechoka, umejaa vumbi, ukasema waya ulikuwa na matatizo. Kasuku anasema ndiyo siku niliyoandikishwa jeshini.

Niandikie upesi, mvua inazidi.

Mwanao,
Waya


Nyumbani,
19 Machi

Mwanangu Waya,

Marahaba. Nimecheka, kama ulivyoniruhusu. Nimemsomea kinyozi ile sehemu ya cheti, naye akacheka, kisha akauliza kama mhandisi anakula vizuri, kwa sababu ulipoondoka hapa hata jina alilokupa marehemu mama yako kwa wembamba lilikuwa linakupwaya. Hukusema lolote kuhusu chakula. Sema.

Mimi ni mzima. Mabati nimeyapigilia, usianze.

Simu yetu bado iko ukutani pale pale, juu ya kiti. Posta walisema watakuja kuichukua nilipostaafu, hawajaja, na mimi siwakumbushi. Wiki iliyopita ililia. Niliruka kama mtoto mdogo nikaangusha kikombe, kumbe mtu amekosea namba, anatafuta duka la matairi. Tukazungumza kama dakika kumi. Mtu mwema kabisa, gari lake limemsumbua sana mwaka huu.

Sasa sikiliza. Kwanza, usiulaze tena waya chini ya mto. Hukuniambia kama kuna daraja, lakini kama gari linavuka kufuata majeruhi basi daraja lipo. Ufunge chini ya sakafu ya daraja, upande ule maji yanakoelekea baada ya kupita, ili magogo yanayoletwa na mafuriko yagonge nguzo kabla ya kuufikia.

Pili, kiungo. Hiki sijawahi kukufundisha, maana ulipoanza kushika koleo tulikuwa tumeshaletewa vifuniko vya kiwandani. Menya ncha mbili, zikwangue kwa kisu mpaka zing'ae, zisokote mara saba. Anzia kushoto. Usiniulize kwa nini kushoto. Msimamizi wangu alitumia mkono wa kushoto na sisi wote tukafunga alivyofunga. Juu yake kaza mpira. Juu ya mpira mwagia nta ya mshumaa iliyoyeyuka. Juu ya nta zungusha kitambaa kilicholowekwa lami. Halafu uache waya ulegee kidogo kabla ya kiungo, maji yadondokee hapo yasifike ndani. Nilifunga kiungo cha namna hiyo mwaka uliozaliwa na nilipostaafu kilikuwa bado kinazungumza.

Tatu unalijua. Usiondoke mpaka upande wa pili ujibu. Una pande mbili, basi zijibu zote mbili. Fundi anayeondoka kabla ya kujibiwa amesokota waya tu.

Msalimie Kasuku. Mwambie kucheka siku ya kiti ni ruhusa, lakini kiti chenyewe bado kina alama.

Baba yako


Nyumbani,
6 Aprili

Mwanangu,

Sina hakika kama barua yangu iliyopita imekufikia, na hii naiandika kabla ya jibu lako kwa sababu sijatulia.

Jana nilikuwa kwa kinyozi. Unajua kwamba alikuwa askari kabla ya kushika mkasi, ingawa hapendi kusema. Nikamweleza kwa kujigamba jinsi nilivyokuelekeza kufunga waya darajani. Aliuweka mkasi mezani. Akasema, "Mzee, umemwambia mtoto akakae wapi?" Akanieleza kwamba vitani daraja ndilo linalotafutwa kwanza, kwamba wapigaji mizinga wa upande wa pili huwa wameshalipima siku nyingi, na kwamba mtu anayesimama pale anahesabu dakika. Nilirudi nyumbani nusu ya ndevu zikiwa hazijanyolewa.

Waya, mimi nimefunga viungo miaka thelathini na mmoja, na aliyewahi kunirushia kitu ni nyani mmoja tu. Nilikujibu kama fundi wa posta. Nilisahau uko wapi. Kama hujaufunga, tafuta njia nyingine. Kama lazima iwe daraja, basi usokote, ufunike, uondoke. Usipige. Usingoje jibu. Utapiga ukishafika mbali, na kama kiungo hakisikiki utarudi siku nyingine. Kanuni ile ya tatu naifuta mimi mwenyewe niliyeiweka.

Najua hutanisikiliza. Najua pia ni kwa nini hutanisikiliza, kwa hiyo kuna jambo lazima nikwambie, na bora nikwambie kwa barua kuliko uso kwa uso.

Siku ile ya kiti laini haikukatika. Nilimaliza kiungo kabla ya saa saba, nikashuka kwenye nguzo nipumzike kidogo kabla ya kukupigia. Pale uani kwa posta wenzangu walikuwa wanacheza drafti. Nikakaa. Nikafungwa mchezo wa kwanza, nikataka kulipiza, nikafungwa wa pili. Ikaja chai. Nilikusahau, Waya. Hakuna neno jingine. Nilikumbuka jua likiwa limeshainama, nikakimbia, vumbi uliloliona lilikuwa la kukimbia. Nilipokukuta umelowa kwenye kile kiti na simu bado iko sikioni, sikuweza kukwambia ukweli. Nikasema waya. Mama yako alijua, alinitazama mara moja tu, lakini hakunivunjia heshima mbele yako.

Tangu siku hiyo wewe unaamini kwamba asiyejibu ana shida na waya, na kwamba ukingoja sana atajibu. Si kweli. Mara nyingine anacheza drafti. Basi usimngoje mtu, mwanangu. Hata awe nani.

Nisamehe. Ukirudi utanicheka utakavyo.

Baba yako


Kambini,
30 Aprili

Mzee wangu,

Shikamoo. Najua mkuu wa kikosi ameshakuandikia na maafisa wameshafika kwako, kwa hiyo habari yenyewe sina haja ya kuirudia, ingawa mimi ni mtu wa kurudia. Mimi ndiye koplo wa ubao wa simu. Aliniambia alikutajia jina langu la utani, Kasuku.

Nakupa pole, mzee. Pole sana. Nimeandika neno hilo nikalitazama, naona halitoshi, lakini sina jingine.

Mwanao alikuwa luteni na mimi koplo, lakini tulikula sahani moja. Alikuwa haoni aibu kulala kifudifudi kwenye tope mbele ya askari wake. Akitengeneza kitu alikuwa anakisemesha, "haya bwana, acha utoto, sema." Wanajeshi wengine walikuwa na picha za wachumba kwenye mabegi yao. Yeye alikuwa na picha ya mzee amepanda nguzo, sura haionekani, unaonekana mgongo tu na mkanda. Akiulizwa ni nani anasema, "Huyo ndiye chuo changu."

Alifariki tarehe 21 Aprili, mchana. Hakuteseka.

Barua yako ilifika siku hiyo hiyo na gari la barua. Hakuwahi kuifungua. Nairudisha ilivyo, sikuona kama ni haki mtu mwingine aifungue. Begi lake litakuja na wenye kazi hiyo, linaweza kuchukua muda.

Wako mtiifu,
Koplo Kasuku


Nyumbani,
14 Mei

Mwanangu Kasuku,

Marahaba. Nakuita mwanangu, usijali, huku hakuna mwingine wa kumwita hivyo.

Walikuja wawili wenye sare. Niliwakaribisha wakae, wakasema wanashukuru watasimama. Mmoja alisoma, mwenzake akawa anaitazama simu ukutani. Karatasi yenyewe ina mistari mitatu, inasema alifariki akiwa kazini. Nimeisoma mpaka kinyozi ameificha. Anakuja kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda, ananyoa ndevu zangu hata kama hazijaota, halafu anaondoka. Akishaondoka nyumba hii ni kubwa kuliko nilivyokuwa naijua. Ni vyumba viwili tu.

Bahasha uliyorudisha nimeipata. Muhuri wa posta unaonyesha tarehe 7 Aprili. Sijaifungua, najua kilichomo. Lakini kabla ya hiyo nilituma nyingine, ya tarehe 19 Machi, na hiyo haijarudi. Nina maswali mawili tu, Kasuku, na nakuomba unijibu kama opereta, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza.

La kwanza: ile barua ya Machi ilimfikia, na aliisoma?

La pili: alikuwa wapi alipofia?

Nina sababu ya kuuliza. Silali, na sitalala mpaka nijue.

Baba yake Waya


Kambini,
1 Juni

Mzee wangu,

Shikamoo. Nakujibu ulivyoagiza.

Swali la kwanza: hapana. Barua ya Machi haikufika. Nyingi zilipotea mwezi ule.

Swali la pili: alikuwa barabarani, kwenye gari, anarudi kambini. Ilikuwa mbali na mto, mbali kabisa na daraja. Hakuna aliyemtuma mahali pabaya. Hakuna ambaye angeweza kuzuia.

Kwa hiyo lala, mzee wangu. Tafadhali lala.

Koplo Kasuku


Nyumbani,
20 Juni

Kasuku,

Barua yako ilinipa usingizi wa siku nne. Nataka ulijue hilo na nakushukuru. Kinyozi alisema uso wangu umerudi mahali pake.

Kulikuwa na neno moja lililonikaa vibaya, lakini nilikuwa naligeuzia kisogo. Sikukutajia daraja. Nisome tena uone kama nilitaja.

Siku ya tano likaja begi. Nililifungulia mezani, kitu kimoja kimoja. Mashati mawili. Soksi amezishona mwenyewe, vibaya, mama yake angezifumua. Ile picha ya mgongo wangu. Koleo nililompa alipomaliza chuo, mpini mmoja umefungwa utepe. Na chini kabisa, kwenye leso, kipande cha waya kirefu kama shubiri, kina kiungo katikati. Nilikishika kabla ya kuvaa miwani na vidole vikajua. Lami, chini yake nta, chini yake mpira. Nilikifungua kidogo kidogo kwa kisu mpaka kwenye shaba. Misokoto saba, imeanzia kushoto.

Hakuna chuo kinachofundisha hivyo. Hakuna kitabu kilichoandika hivyo. Duniani tulikuwa watu sita tuliofunga kwa kuanzia kushoto, na watano wamekufa. Huyo mtoto aliisoma barua yangu ya Machi, akakaa mahali akajizoeza kabla ya kwenda kwenye kazi yenyewe.

Umenidanganya. Sina hasira, nimemdanganya mtu kwa njia hiyo hiyo, najua inavyotoka mdomoni kabla hujaiamua. Lakini mimi nilimtuma mwanangu chini ya daraja. Nimeshajua sasa. Kilichobaki ni kuniambia alivyokaa pale, maana kila siku nikijipangia picha yake mwenyewe inakuwa mbaya zaidi. Usinionee huruma. Niambie.

Baba yake Waya


Kambini,
11 Agosti

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nyingi, nimeandika majibu sita, yote nimeyachana. Vita vimekwisha wiki iliyopita, labda umesikia. Watu walicheza hapa uwanjani. Mimi nilibaki kwenye ubao, nikisema kuna kazi, na haikuwepo.

Nitakwambia yote. Nilikudanganya, na ulidhani nakuonea huruma wewe. Nilikuwa najionea huruma mimi.

Barua yako ya Machi ilifika mapema Aprili. Aliisoma kwa sauti hapa hapa, akafurahi kama mtu aliyepata cheo. Akafunga viungo vitano vya kujizoeza, vinne akanipa nivivute kwa nguvu zangu zote, havikuachia. Mkuu alikubali njia ya daraja. Mzee, kabla hujajilaumu, lijue hili: lile daraja lilikuwa halijapigwa hata mara moja tangu tufike, magari yalipita kutwa. Hata sisi tuliona ni pazuri.

Tarehe 21, mchana, alikwenda na askari mmoja wa kumlinda. Huyo askari alipona, ndiye aliyenieleza. Alifunga waya chini ya sakafu ya daraja, akafunga kiungo cha mwisho, akaunga simu yake. Akapiga upande wa zahanati, wakajibu mara moja, wakasema wanamsikia kama yuko hemani. Akapiga upande wetu.

Sikuwepo, mzee.

Gari la barua lilikuwa limefika. Nilikuwa sijapata barua kutoka kwetu miezi minne. Mama yangu ni mgonjwa. Nilisema naenda dakika mbili tu, nikauacha ubao peke yake, jambo ambalo opereta hafanyi, hata awe anakufa. Foleni ikawa ndefu. Nikangoja. Yangu haikuwepo. Ilikuwepo ya mwanao, nikaona kwa mwandiko ni yako, nikaichukua nimpelekee, nikafurahi kwa niaba yake.

Askari anasema alimwambia, "Afande, twende, umeshamaliza." Akajibu, "Upande wa pili haujajibu." Akazungusha tena. Askari akamwambia tena. Akasema, "Yule Kasuku hajawahi kuniacha, waya ndio una shida, ngoja niutazame." Akakagua kiungo upya, kizima kilivyo, akapiga tena. Walikaa dakika kumi na tano. Mbili zingetosha.

Nilisikia mlio wa mzinga nikiwa narudi. Mmoja tu. Nilidhani ni wa mbali.

Nilipoingia, kijilango cha laini yake kwenye ubao kilikuwa kimedondoka, yaani amepiga. Nikachomeka plagi. Nikasema, "Karibu." Hakusema kitu. Nikasema karibu, karibu, karibu, sijui mara ngapi. Simu yake ilikuwa bado imeunganishwa. Nilisikia maji ya mto yanapita, vizuri kabisa, kama niko pale. Kiungo kilikuwa kizima. Barua yako ilikuwa mkononi mwangu.

Daraja halikuvunjika, na ule waya haujakatika mpaka leo, mvua zote zile. Wale wa zahanati wanasema mamia ya watu wamepita kwenye waya huo. Daktari mwenyewe ameniagiza nikuandikie hivyo. Nimeandika, lakini mimi najua kilichopita humo kwanza.

Mwisho wa mwezi ujao tunarudishwa makwetu. Sitakuomba unisamehe, nisingejua pa kuuweka msamaha wenyewe. Nilitaka tu ujue kwamba hakungoja kwa sababu ya kanuni yako. Alingoja kwa sababu aliniamini.

Kasuku


Nyumbani,
25 Agosti

Mwanangu Kasuku,

Nimeisoma barua yako mara moja tu, nimekaa nayo kutwa nzima. Kinyozi alikuja, nikamwambia leo hapana, akaketi nje mlangoni mpaka jioni bila kuniuliza.

Nimelia. Nakwambia wazi, maana tangu Aprili nilikuwa sijaweza. Nimelia kwa ajili yake, nikamlilia hata yule bwana wa matairi, sijui kwa nini. Ilipofika zamu yako nikaona nakulilia na wewe.

Unasema alingoja kwa sababu alikuamini. Nami nasema alingoja kwa sababu nilimfundisha. Nimejaribu kuugawa mzigo huu, niseme huu wako na huu wangu, umekataa kugawanyika. Kila nikivuta upande mmoja unakuja wote. Basi tutaubeba hivyo hivyo, wewe huko na mimi huku.

Ndani ya barua hii nimeweka bahasha. Unaijua, ilikuwa mkononi mwako alipokuwa anapiga. Sijaifungua tangu uirudishe. Nilidhani nitaizika pamoja na vitu vyake, lakini jana nimeelewa kwamba aliyebaki wa kuisoma ni wewe. Ifungue. Humo nilimwomba asingoje, kwa hiyo jiandae, itauma. Lakini usiishie hapo. Nenda mpaka kwenye drafti. Mambo yale sikuwahi kumwambia binadamu yeyote, hata marehemu mke wangu sikumwambia, alijua mwenyewe. Utaona mtu mwingine aliyeondoka dakika mbili. Utaona pia alichosema alipokuta mtoto bado ameshika simu. Wewe umesema ukweli baada ya miezi minne. Mimi ilinichukua miaka ishirini, na wangu haukufika.

Namwonea wivu yule mtoto, Kasuku. Alikufa hajui kwamba sisi wawili tunaweza kusahau. Alidhani ni waya.

Mama yako anaendeleaje? Hukusema. Ukifika kwenu, mwangalie kwanza, ule, ulale. Halafu tafuta simu. Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha. Jumapili zote kuanzia saa saba mchana nakaa kwenye kile kiti, na sitakwenda kokote, hata drafti nimeacha. Usipopiga Jumapili hii nitakaa ijayo. Ukipiga, usitafute maneno ya kuanzia. Sema hodi tu.

Baba yenu